Mrejesho: riwaya yangu imepata mchapishaji

Wakuu, niliwauliza kama nimlipe mchapishaji aliyetaka nichangie gharama za kuchapa riwaya yangu ya kwanza. Nimeachana naye. Nilifuata ushauri wa kupeleka muhtasari na sura tatu za mwanzo kwingine, na kuna waliouchukua muswada bila kunidai hata senti. Mrabaha (malipo yangu kwa kila nakala inayouzwa) ni asilimia 10, na nilikomaa mpaka mkataba ukataja kama ni ya bei ya rejareja au ya jumla. Hapo ndipo wengi hupigwa. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) wanaiomba wao wachapishaji kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Mhariri kaifyeka sura ya pili yote (iliniuma, ila kweli ilikuwa inapwaya). Tunavutana kwenye jalada tu: wanataka minazi na machweo, wakati hadithi yenyewe ni ya Njombe, kwenye milima na baridi!