Rousseau na watoto wake watano: niendelee kumfundisha?

Wakuu, nafundisha chuo cha ualimu. Kila mwaka tunasoma *Émile* cha mwanafalsafa Rousseau, kitabu cha malezi cha 1762, kinachosema asiyeweza kutimiza wajibu wa baba hana haki ya kuwa baba. Juzi binti mmoja akauliza: "Mwalimu, wa kwake aliwalea?" Nikabaki nimesimama, chaki mkononi. Watoto watano aliozaa na mwenzi wake Thérèse Levasseur, wote walipelekwa nyumba ya watoto wa kutupwa, Paris. Nimelea watatu peke yangu, limeniuma. Mnanishauri nini?

Jibu: Endelea, dada, ila waambie yote. Palepale kitabuni anasema mtu wa namna hiyo atalia machozi ya uchungu na hatafarijika. Alipoandika hayo, wanawe walishapelekwa zamani. Naamini alikuwa anajisema.

Jibu: Mimi machozi yake hayanigusi. Ameandika mwenyewe kwamba Thérèse alitii kuwatoa watoto huku akiugulia moyoni. Na kwenye nyumba zile wengi walikufa wakiwa wachanga.

Mwuliza: Ahsanteni. Jumatatu naanza na Thérèse, kisha ndiyo tufungue kitabu. Yule binti nitamwomba asome kwa sauti.