Naimba kwaya kila Jumapili, lakini moyo wangu umejaa mashaka

Sauti_ya_Pili:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Huu ni mwaka wangu wa 11 katika kwaya, na pia ninafundisha shule ya Jumapili. Naomba msaada kwa jambo ambalo sijathubutu kulisema nyumbani wala kanisani. Mwaka jana mdogo wangu aliugua figo. Tulifunga, tulikesha, tulimpeleka kusafishwa damu, na kila siku niliandika katika daftari langu la maombi tarehe na ombi lilelile moja. Alifariki siku ya Alhamisi. Msibani, mtu mmoja aliyekuja kutufariji alinivuta pembeni akaniambia kwamba imani yetu ilikuwa ndogo. Tangu siku hiyo sijalifungua daftari. Jumapili nasimama mstari wa pili na kuimba, lakini mara nyingine ubeti unakwisha ndipo ninapogundua kwamba maneno yale sikuwa nikimwambia yeyote. Nitajuaje kama haya ni mashaka ya kupita, au kama nimekwisha kuiacha imani bila kujitambua?

Mzee_wa_Usharika:
Pole sana, binti yangu. Aliyekwambia maneno yale msibani alikosea, na ninasema hivyo nikiwa nimezika watu wengi walioombewa kwa imani kubwa.

Mtu aliyeiacha imani haumwi na kuiacha, wewe unaumwa. Kukataa kuamini ni kumpa Mungu kisogo, ilhali mwenye shaka bado anamkabili, ingawa anamkabili kwa machozi au kwa hasira. Yohana Mbatizaji, aliyemwonyesha Yesu kwa kidole kando ya Yordani, akiwa gerezani aliwatuma wanafunzi wake kumwuliza Yesu kama yeye ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine (Mathayo 11). Yesu hakumkemea. Alimpelekea habari za yale waliyoyaona na kuyasikia, na wajumbe walipoondoka akauambia umati kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana.

Kwa kuwa wewe ni mwanakwaya, soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikawa sifa, lakini hii inaishia gizani. Hata hivyo, angalia kichwa chake: imeandikwa kwa mwimbishaji, nayo ni ya wana wa Kora, yaani waimbaji wa hekaluni. Kilio kile kilipewa kwaya ikiimbe mbele za Mungu.

Askari_wa_Msalaba:
Kwa heshima yote, mzee wangu, tusiyabembeleze mashaka. Yakobo 1:6 inasema mwenye shaka ni kama wimbi la bahari lililochukuliwa na upepo. Dada afunge na kukemea.

Mzee_wa_Usharika:
Nakubali, mwanangu, kwamba shaka lisifugwe. Ila Yakobo anamsema mtu wa nia mbili, anayemwomba Mungu hekima huku moyo wake ukiwa umegawanyika. Neno hilohilo la Kigiriki linatumika katika Yuda 22, na pale tunaagizwa kuwahurumia walio na shaka. Dada huyu amekwisha kufunga sana, na kumwongezea mfungo sasa ni kumtwika mzigo juu ya mzigo.

Muuguzi_wa_Zamu:
Dada, mimi naongeza la upande wangu. Nimewahudumia wengi waliouguza kwa muda mrefu, na nimeona jinsi uchovu unavyoweza kujivika sura ya kutoamini. Nabii Eliya, chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, aliomba afe. Kabla ya neno lolote kuhusu utume wake, alilala, akaamshwa akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa tena akala. Jiulize: unalala saa ngapi, unakula, umewahi kumlilia mdogo wako bila kulazimika kuwatuliza wengine? Ikiwa usingizi umekata kwa majuma, mwone daktari pamoja na mchungaji.

Jambo la pili ni Tomaso. Jioni ile ya kwanza Yesu aliyefufuka alipowatokea wanafunzi, yeye hakuwapo, lakini siku nane baadaye, akiwa bado hajaamini, alikuwa ndani pamoja na wenzake, na hao wenzake hawakuwa wamemfukuza. Usijitenge. Tafuta mtu mmoja anayeweza kutunza siri, umweleze kama ulivyotueleza sisi.

Sauti_ya_Pili:
Asanteni mno. Jana usiku nimeisoma Zaburi ile kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilihisi kwamba kuna ninayemwambia. Jumamosi baada ya mazoezi nitamwomba mwalimu wa kwaya tuzungumze. Limebaki moja linalonitisha: watoto wa shule ya Jumapili walimwombea mdogo wangu kwa jina, na mmoja bado ananiuliza kwa nini hakupona. Nimjibu nini?

Mzee_wa_Usharika:
Mwambie kwamba hujui, na usione haya kulitamka neno hilo mbele ya mtoto. Kisha msomee Yohana 11, habari za Lazaro, rafiki wa Yesu aliyekufa. Yesu alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha, lakini alipofika na kumwona Mariamu, dada ya Lazaro, akilia, naye alilia machozi. Watoto wakinyamaza baada ya hapo, nyamaza pamoja nao.