Kipande cha zulia la zamani kwenye fremu: gundi au kushona?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Nina kipande cha zulia la sufu la kufumwa kwa mkono, sentimita 40 kwa 60. Kingo mbili zimechanika na nyuzi zinachomoka. Nataka kukitundika ukutani kwenye fremu: nikibandike kwa gundi ya mbao juu ya plaiwudi, kisha kioo. Kuna ubaya? Na kingo nizikate zinyooke?

Fundi Fremu
Gundi hapana kabisa, mkuu. Inapenya kwenye sufu, ikikauka inakuwa ngumu, nyuzi zinakatika pale gundi ilipoishia, na haitoki tena. Kishone kwenye kitambaa cha pamba nzito au kitani. Kitambaa ukifue kwanza kwa maji ya moto kirudi na wanga utoke, halafu ukiwambe kwenye fremu ya mbao. Acha sentimita 5 za kuonekana kila upande, na nyingine 10 za kukunja nyuma.

Kingo usikate. Ukikata, safu iliyokuwa salama ndiyo inaanza kufumuka.

Kushona ndiko kwenye kazi. Tumia sindano iliyopinda na uzi wa pamba wa rangi ya zulia. Wa nailoni unakata sufu taratibu. Pitisha sindano kati ya nyuzi, usiutoboe uzi wenyewe. Mshono ulale juu ya mshindio (nyuzi zinazokingama), kati ya safu mbili za mafundo, upotelee ndani ya manyoya. Anza katikati uende nje, mistari iachane sentimita 8 hivi, mishono ipishane. Kwenye kingo mbovu isogeze karibu zaidi. Usikaze, utaona vishimo kama vya godoro.

Mtande na Mshindio
Kabla ya sindano, angalia nondo, yule mdudu wa nguo. Wanaokula sufu ni viwavi wake. Geuza kipande: ukiona chembe kama mchanga au vifuko vyeupe, kifunge kwenye plastiki, toa hewa, weka kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka, usifungue plastiki kwa saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye sufu baridi.

Vumbi litoe kwa mashine ya kufyonza, nguvu ndogo, ukitandaza neti juu. Kufua subiri: gandamiza pamba nyeupe yenye maji kwenye kila rangi, nyekundu hasa. Ikichukua rangi, acha.

Mwanzisha uzi
Shukrani sana. Na kioo je?

Fundi Fremu
Kioo kisiguse manyoya. Weka vipande vya kutenganisha, angalau milimita 10 juu ya manyoya. Vikigusana unyevu unanaswa, ukungu unaota. Akriliki ni nyepesi ila umeme wake tuli utavuta hizo nyuzi zilizolegea, kwa hiyo kwako ni kioo, tena kinachochuja miale ya urujuanimno. Hata hivyo usitundike panapopigwa na jua. Rangi ikififia hairudi.

Mtande na Mshindio
Mtande (nyuzi za urefu) uwe wima, ndio wenye nguvu, na manyoya yaelekee chini vumbi lisitulie. Plaiwudi ukiiweka nyuma, itenge na kitambaa kwa karatasi isiyo na tindikali.