Mjadala: Dharura inaruhusu haraka, je, inaruhusu na siri?

Ndugu wachangiaji, bado wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba maofisa wa KEMSA, mamlaka inayonunua na kusambaza dawa na vifaa vya matibabu nchini Kenya, walilaumiwa isivyo haki kuhusu ununuzi wa vifaa vya kujikinga na korona mwaka 2020. Hoja yao ni kwamba sheria za zabuni zimetungwa kwa nyakati za kawaida, na kwamba anayezisubiri wakati wa janga huhesabu makaratasi huku wenzake wakihesabu maiti.

Sehemu ya hoja hiyo naikubali kabisa. Mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Machi 13, 2020, dunia nzima ilikuwa ikigombania barakoa na glavu, bei zilibadilika kila kukicha, ndege zilikuwa chache, na viwanda vya nje vilitaka malipo kabla ya kupakia mzigo. Ofisa aliyetangaza zabuni ya kawaida na kungoja majuma kadhaa angekosa bidhaa, na muuguzi wodini angekosa kinga.

Lakini sheria yetu ililijua hilo mapema. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, katika kifungu cha 103, inaruhusu kununua moja kwa moja kwa mzabuni mmoja panapotokea haja ya dharura. Isichoruhusu ni kuingia mkataba bila fedha zilizotengwa, wala kununua bila maandishi yanayoeleza nani alichaguliwa na kwa bei ipi. Hata Kifungu cha 227 cha Katiba, kinachodai haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, hakina mlango wa nyuma wa kutokea wakati wa maradhi.

Sasa tutazame kilichotokea. Ripoti maalumu ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ya Septemba 2020, ilichunguza ununuzi wa takriban shilingi bilioni 7.8 na kukuta kwamba bidhaa za zaidi ya bilioni 6 zilikuwa bado zimelala ghalani. Hapa ndipo utetezi wa haraka unaponishinda kuuelewa. KEMSA huziuzia kaunti. Ilinunua kwa bei ya juu, kisha soko likashuka, barakoa zikaanza kushonwa humu nchini, Kitui ikiwemo, na kaunti hazikuwa na sababu ya kununua kwa bei ya ghala ile. Kwa hiyo haraka iliyodaiwa kuokoa maisha ilijaza rafu, na Desemba mwaka huohuo wauguzi na madaktari waligoma, vifaa vya kinga vikiwa miongoni mwa madai yao. Nakiri kwamba jambo hili linaniuma kuliko fedha zenyewe: mhudumu wa afya anaingia zamu bila kinga ya kutosha, na kinga ipo nchini, imelipiwa au inadaiwa kwa jina lake.

Wengine watasema kwamba hata Uingereza iliteleza, na ni kweli. Kule iliundwa njia ya kipaumbele kwa wazabuni waliopendekezwa na mawaziri, wabunge na maofisa, na Januari 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba uendeshaji wake ulivunja wajibu wa kuwatendea wazabuni wote sawa. Ila kosa la tajiri haligeuki kuwa ruhusa kwetu. Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Ukraine, nchi ambayo haikuwa na fedha nyingi: mwaka 2020 iliwaondolea wanunuzi wa vifaa vya korona taratibu za zabuni, lakini ikawalazimu kuchapisha taarifa za kila mkataba katika mfumo wake wa wazi wa mtandaoni, Prozorro, ndani ya siku moja.

Ninaowapinga nawaomba wanijibu jambo moja mahususi. Tuchukue kwamba ununuzi ule wote ulifanywa moja kwa moja, bila hata siku moja ya ushindani, lakini jina la mzabuni, wamiliki wa kampuni yake, idadi ya bidhaa na bei ya kila moja vikatangazwa kesho yake asubuhi. Ni shehena ipi ambayo ingechelewa kufika hospitalini kwa sababu ya tangazo hilo?