Kijana wa Kioromo amekamatwa Malindi, kesho ni kortini: akubali mashtaka au akatae?

MamaViaziKarai
Salaam aleikum nyote, naomba msaada wa haraka jamani. Kuna kijana Mworomo wa Ethiopia alikuwa anaosha tuktuk karibu na kibanda changu hapa Malindi, mpole sana, Kiswahili chake cha kuokota okota. Jana jioni amekamatwa, hana kipande wala kibali. Leo nimempelekea chakula kituoni nikaruhusiwa kumuona kidogo, akanieleza nusu kwa maneno nusu kwa mikono kwamba kwao nduguye aliuliwa na yeye wakamtafuta ndo akakimbia. Ana karatasi ya Kiamhara yenye muhuri, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni na mfuko hauachi mkononi. Sasa askari mmoja ameniambia kwa uzuri tu, mwambie kesho akubali mashtaka atapigwa faini yaishe. Ni kweli yanaisha? Na mimi si ndugu yake, naruhusiwa hata kumsemea?

KaraniMstaafu
Wa aleikum salaam dada yangu. ASIKUBALI. Nimekaa sana kortini na hili nimeliona likirudi rudi, mtu hajui lugha, anasomewa mashtaka, anatikisa kichwa kwa hofu ama kwa adabu tu, inaandikwa amekubali, faili inafungwa. Kuwa nchini bila kibali ni kifungu cha 53 cha sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011, faini hadi laki 5 ama kifungo hadi miaka 3 ama vyote viwili, na mara nyingi hakimu anaongeza kwamba akimaliza arudishwe kwao. Kwa mtu anayekimbia kuuliwa hatari iko hapo kwenye kurudishwa, hiyo faini hata tukiichangia hapa haimuokoi.

Cha kwanza akisimama kizimbani aseme naomba hifadhi, naogopa kurudi kwetu, na ahakikishe imeandikwa kwenye faili. Kenya imo kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 tangu 1966, na kifungu chake cha 31 kinakataza kumuadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa ikiwa ametoka moja kwa moja kwenye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na akawa na sababu ya maana. Katiba yetu kifungu cha 2 inasema mikataba kama hiyo ni sehemu ya sheria ya Kenya. Halafu Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu anakohatarishwa. Hapo kwenye kuchelewa ndo mwendesha mashtaka atapashika, kwa hivo kijana awe tayari kueleza kwa nini hakuwahi kujisajili, kama hakujua aende wapi aseme hivo hivo.

Na mkalimani ni haki yake, bure, kifungu cha 50 cha Katiba. Awe wa lugha anayoielewa kikweli, isiwe askari aliyewahi kukaa Moyale kule mpakani miezi miwili. Kama mkalimani hayupo aombe kesi isogezwe, asijibu mashtaka.

Salim_msaidizi
Mzee kamaliza, mimi naongeza ya mkononi. Dada, hiyo karatasi ipige picha pande zote mbili leo leo, na mkiambiwa muitoe muombe iandikwe imepokelewa na nani. Nenda kortini mapema kabla hakimu hajaketi, mtafute karani umwambie mshtakiwa fulani anaomba hifadhi na hajui Kiswahili. Kumtetea kwenye jinai huwezi, hiyo ni ya wakili, lakini kifungu cha 22 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini kudai haki za mtu asiyeweza kujiendea mwenyewe. Wakipitisha saa 24 bila kumfikisha mbele ya hakimu na korti iko kazini siku hiyo, wakili anaweza kuomba habeas corpus, yani korti iamuru aletwe na waseme wanamshikilia kwa sheria gani.

Wakili wa bure yupo. Sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi waziwazi. Shirika la Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, hao ndo 2013 walienda Mahakama Kuu wakazuia agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mijini. Refugee Consortium of Kenya pia kazi yao ni hii. Piga simu usiku huu usingoje asubuhi.

Mkaazi_Mpeketoni
Mimi nitasema ukweli wangu. Huku Lamu 2014 tulivamiwa usiku tukazika watu wetu. Mnamtetea mtu hamumjui kaingilia wapi wala katumwa na nani, sisi tutalala vipi?

BiFaza
Mwanangu pole, msiba ule ulikuwa wetu sote. Lakini 1991 Somalia ilipovunjika Wabajuni wenzetu wa Kismayu na visiwa vya kule walikuja na mashua, watoto wamelowa chumvi, hapakuwa na aliyeshika karatasi. Hata hapo Marafa nyuma ya Malindi palikuwa na kambi. Kijana huyu akisajiliwa atachukuliwa alama za vidole, ataulizwa maswali, hadithi yake ipimwe, na akionekana muongo atakataliwa. Hivo ndo serikali inamjua mtu. Ukimfunga halafu umrudishe bila kumsikiliza hujajua chochote na huenda umemuua.

Mkaazi_Mpeketoni
Kama atachunguzwa kweli sina neno, Bibi. Mimi hofu yangu ni hiyo tu.

MamaViaziKarai
Mungu awalipe. Nimepata wakili kwa simu, atawasiliana na korti asubuhi. Msikitini nimeulizia, kuna mzee mfanyabiashara wa mbuzi anazungumza Kioromo safi, amekubali kuja, sijui korti itampokea?

KaraniMstaafu
Inaweza, ataapishwa tu. Aje na kitambulisho chake, afike kabla ya saa tatu, na wewe mwambie wakili jina lake mapema.