Nimeuziwa paneli ya wati 150 kwa bei ya wati 300 hapa Dodoma mjini

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mwezi wa nane nilimfungia mama sola kijijini, upande wa Bahi. Nguzo za umeme ziko mbali na kwake. Duka moja hapa mjini likaniambia sola ya wati 300 ni 240,000. Nikakubali. Kumbe hiyo ni paneli tupu! Betri 420,000, inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) 180,000, kontrola (ya kusimamia chaji ya betri) 45,000, waya, stendi na fundi 155,000. Jumla 1,040,000. Bei wanayoitangaza haifiki hata robo ya utakacholipa.

Hilo nililimeza. Lakini taa zikaanza kuzimika saa tatu usiku, mama karudi kwenye tochi. Napiga simu dukani naambiwa, "Dada, hilo ni vumbi, futa paneli." Nikapanda juu ya bati na kitambaa, nikafuta mpaka ikang'aa. Wapi!

Fundi wa pale kijijini akaweka mita ya kupimia umeme saa saba mchana, jua la kwetu mnalijua: ampea 8. Akasema ya wati 300 kwa mfumo wa volti 12 ingecheza kwenye 16. Akatoa futi kamba: sentimita 148 kwa 67. Haifiki mita moja ya mraba. Jua la utosini linashusha wati kama 1,000 kwenye mita ya mraba, na paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 tu kuwa umeme. Sasa hizo 300 zitoke wapi? Nikaikwangua stika ya nyuma kwa ukucha. Chini yake kuna nyingine: 150.

Na betri, muuzaji aliniapia itabeba friji usiku kucha! Volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200, na hizi za asidi ukizinyonya chini ya nusu kila siku unaziua. Zinabaki 600. TV ya wati 50 na taa tano za wati 7, ndani ya masaa saba umemaliza. Hesabu ya dakika mbili, kwa nini hakuifanya mbele yangu kabla ya kupokea hela ya mama?

Jumatatu naibeba paneli mpaka dukani na risiti yangu. Mliofungiwa sola mwaka huu, pimeni urefu na upana muweke hapa. Risiti zenu zimeandikwa wati ngapi?