Nimelipishwa "mkanda wa taimingi" kwenye injini ya cheni. Gereji za Dar mnatutafutia nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikipitiliza.

Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, hii hii ambayo ukifungua boneti za watu Dar unaikuta kila kona. Lilianza kutetemeka likiwa limesimama injini inawaka, ukikanyaga mafuta linavuta kwa kusitasita, taa ya injini imewaka. Nikalipeleka gereji moja maeneo ya Sinza. Si fundi wa chini ya mwembe, hapana. Gereji yenye bango, vijana ovaroli safi, hata maji ya kunywa ya mteja yapo.

Jioni naambiwa 685,000. Risiti ya EFD hakuna, hesabu imeandikwa nyuma ya boksi la plagi. Plagi nne, sawa. Koili moja (kile kinachoipa plagi umeme wa cheche), sawa. Kusafisha throto (mlango wa hewa ya injini), haya. Oili lita tano. Halafu: mkanda wa taimingi, 180,000.

Kwenye 1NZ!

Kwa asiyejua, injini hii haina mkanda wa taimingi, ule unaooanisha valvu na pistoni. Ina cheni, iko ndani nyuma ya kava la mbele, inalowa oili muda wote. Mkanda pekee unaouona ni ule wa nje unaozungusha altaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC, na ule wangu ulikuwa na nyufa zake zile zile za asubuhi. Nikamuuliza fundi huo mkanda umeuweka wapi. Akanijibu bila kupepesa macho: "Bosi, hizi zinakuwaga na vyote viwili." Vyote viwili! Na hiyo oili lita tano nayo, wakati injini hii pamoja na filta inameza lita 3.7. Ama hiyo nyingine imebaki kwenye galoni lao, ama wameizidishia injini oili hadi itoe povu. Nikavuta dipstiki, kipimo kiko sawa. Basi imebaki kwao.

Tungeishia hapo ningesema nimepigwa, maisha yaendelee. Lakini gari bado linatetemeka! Naambiwa sasa itakuwa pampu ya mafuta, ikigoma tutajaribu sensa ya oksijeni. Tutajaribu na nani? Huko ni kupiga ramli kwa pesa ya mteja: weka kifaa, washa, hakijapona, weka kingine. Na kila jaribio lina bei yake, na hakuna hata moja linalorudishwa dukani.

Jumamosi nikafungua boneti mwenyewe. Kinachonichefua ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Ukishatoa kava la plastiki la juu unaona koili nne zimejipanga. Injini ikiwa inanguruma, unachomoa soketi ya koili moja, unasikiliza, unairudisha, unakwenda inayofuata. Ya kwanza, injini ikataka kuzima. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikachomoa, injini haikushtuka hata kidogo, maana yake silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Ya nne ikashtuka. Nikazima, nikachukua spana namba 10, nikahamisha koili ya tatu kwenda ya pili na ya pili kuja ya tatu. Nikawasha na kurudia, tatizo limehamia namba mbili. Kumbe ni koili, kwisha habari. (Msiache injini muda mrefu soketi ikiwa imechomolewa, petroli isiyoungua inakwenda kuua katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi.)

Sasa ile koili mpya niliyolipia iko wapi? Nilizitoa zote nne. Zote zina vumbi la umri mmoja, hakuna hata moja iliyowahi kuona boksi mwaka huu.

Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, mikono bado ina grisi. Nikaonyesha koili ya zamani, kijana akatoa ya kufanana nayo, 50,000. Nalipa, anachukua kalamu, ananiuliza kwa heshima kabisa: "Fundi, risiti niandike ngapi?"

Nikamwambia andika hamsini. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Mafundi wenzako huwa tunawaandikia tisini na tano."

Hapo ndipo gereji zinapokula wakuu. Siyo kwenye ufundi. Ufundi fundi atakutajia 20,000, utajiona umepata, kumbe kwenye kila spea kuna cha juu, na cha juu hakipatikani kwa kukuambia ukweli kwamba kimeharibika kitu kimoja. Ndiyo maana gari likiingia na tatizo la koili linatoka limebadilishwa vitu sita.

Najua mafundi waliomo humu watakuja: "wateja mnatubana sana bei ya ufundi, tufanyeje?" Hilo nawapa, lina ukweli. Wapo watu wanataka fundi ashushe gia boksi kwa elfu thelathini na bado wanadai chenji. Lakini kama 20,000 haikutoshi, sema 80,000 nijue nalipia akili yako. Fundi atakayenambia "bosi, ni koili ya tatu tu, kanunue mwenyewe, mimi nipe 80" nitamlipa nikiwa nacheka, na nitamletea ukoo mzima. Tatizo anayeficha na anayesema kweli wote wanavaa ovaroli ile ile.

Kwa hiyo kuanzia sasa vitu vidogo namaliza nyumbani. Oili namwaga mwenyewe: lita nne za 5W-30 nimenunua 75,000, filta 18,000, nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) ni spana namba 14, kazi ndani ya saa moja. Kule nilikuwa natozwa 140,000 na siijui hata oili iliyoingia. Na wale wa "gari limezeeka, weka nzito, weka SAE 40", tafadhali. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili taimingi ya valvu, inaendeshwa kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba, ukiijaza uji utaipata habari yake. Filta ya hewa ni klipu tu, mtoto wa darasa la tano anatoa. Filta ya AC iko nyuma ya droo ya dashibodi, ukiiona ya kwako utaacha kujiuliza kwa nini unapiga chafya. Oili chafu msimwage mtaroni, mimi kuna jamaa wa mbao anaichukua kupakia nguzo za uzio dhidi ya mchwa.

Mwenye nyumba alinuna siku ya kwanza, nikatandika boksi chini, akanyamaza. Majirani wao wanasema nina gari lakini sina hela ya fundi. Waseme.

Halafu kuna huu ujinga wa kung'oa thamostati, ile valvu inayodhibiti joto la maji ya injini. Shemeji yangu yuko Iringa, gari lilichemsha mara moja, fundi akaitoa thamostati akaitupa, "huku Afrika haina kazi." Tatizo lilikuwa rejeta kuziba. Sasa Juni asubuhi anawasha hita inapuliza baridi, maana injini haifikii joto lake, na petroli inakwenda kwa sababu kompyuta inadhani injini bado ni ya baridi na inaendelea kuongeza mafuta. Kifaa cha bei ya chakula cha mchana cha watu wawili! Na wenye Nissan za CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua), ukimuona fundi ameshika ATF, mafuta ya gia boksi za otomatiki za kawaida, anataka kuimimina kwenye gia boksi yako, mnyang'anye. Zile zinataka mafuta yake ya CVT, NS-2 au NS-3 kutegemea gari, soma kitabu cha gari lako na uwe umesimama pale pale.

Sisemi kila kitu tufanye wenyewe. Gesi ya AC, alaimenti, kufungua gia boksi, hayo yana vifaa vyake. Na usiingie uvunguni gari likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake, nunua stendi, jeki ya haidroliki inashuka bila kukuaga.

Nilirudi Sinza kudai 180,000 yangu ya mkanda. Meneja anasema niache gari waliangalie upya. Nimekataa, nimemuachia picha ya injini na ile karatasi ya boksi. Kama kuna aliyewahi kupeleka gereji Tume ya Ushindani au mahakama ya mwanzo akarudishiwa pesa, anieleze utaratibu hapa, siyo PM, wengine wasome.

Na mnisaidie lingine. Shokapu za mbele zinagonga, gereji ya Tegeta imenitajia 420,000 na ufundi. Nataka kufanya mwenyewe ila springi siigusi bila kompresa yake, kile kifaa cha kuibana, ikifyatuka inaua mtu. Kuna anayeikodisha Dar, na kwa siku anachukua bei gani?